Mtoto ana usonji (autism), bima inalipa daktari ila therapi hailipi. Wenzangu wa Arusha na Moshi mnafanyaje?

mama_wa_njiro

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa mawazo maana hili jambo nimekaa nalo mwezi wa tatu sasa. Nina kijana wangu wa miaka minne na miezi miwili, haongei. Maneno alikuwa nayo matatu alipofika mwaka na nusu, mama, dada, na "tai" akimaanisha chai, afu yakapotea yote mpaka leo. Ukimwita hageuki ila ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, ndo maana bibi yake alikuwa anasema huyu masikio anayo, ni jeuri tu. Tukaanza na masikio, wakapima wakasema anasikia vizuri kabisa, tukapewa rufaa, tukazungushwa zungushwa, mwisho daktari wa watoto akatukalisha akasema ni usonji. Nililia pale pale kwenye korido, ila pia nilipumua maana angalau kitu kimepata jina.

Sasa shida yenyewe. Mume wangu anakatwa bima kazini kila mwezi na mtoto yuko kwenye kadi. Kumwona daktari bima imelipa, kupima masikio imelipa, hata damu waliyomtoa imelipa. Daktari akaandika mtoto apate tiba ya kuongea na tiba kwa vitendo (kumfundisha mambo ya kila siku kama kula na kuvaa) mara mbili kwa wiki. Nikaenda na ile karatasi kituo kimoja hapa mjini, dada wa mapokezi akaiangalia kadi, akanirudishia, akasema mama hapa ni keshi. Keshi yenyewe elfu 35 kwa saa moja. Piga hesabu, kwa wiki elfu 70, kwa mwezi laki mbili na themanini, na mimi nauza vitenge Kijenge, kuna mwezi faida haifiki huko. Tumelipa wiki sita tukakwama.

Na kinachoniuma ni kwamba wiki ya tano alianza kunishika mkono na kuupeleka kwenye kikombe akitaka maji. Kabla ya hapo alikuwa anasimama jikoni analia tu, na mimi nazunguka namwonyesha uji, ndizi, maziwa, nabahatisha mpaka sote tunalia. Siku aliyonishika mkono nilikaa chini pale pale sakafuni nikampa maji vikombe vitatu.

Kuna mtu yeyote bima imemlipia therapi huku kwetu? Haipo kabisa au mimi niliuliza mlango usio wenyewe? Na hii bima ya afya kwa wote itawagusa watoto kama hawa au ndo tuzoee tu?

baba_k_sakina

Pole sana dada yangu, hiyo ya kikombe imenigusa maana wa kwangu alianza hivyo hivyo, ila yeye ilikuwa kitasa cha mlango. Ana miaka saba sasa.

Nikujibu kutokana na nilichopitia. Hicho kituo ulichoenda yawezekana si hospitali. Vituo vingi vya watoto wa usonji huku kwetu vimesajiliwa kama shule au kama shirika, havina mkataba na mfuko wowote wa bima, kwa hiyo hata kama huduma ingekuwepo kwenye orodha wao hawana pa kupeleka madai. Mimi nilipoteza karibu mwaka nikigombana na watu wa mapokezi wakati kosa halikuwa lao.

Nilichofanya baadae nilirudi kwa daktari nikamwomba anibadilishie ile karatasi. Mwanzo aliandika "usonji, therapi", basi. Safari hii akaandika rufaa kwenda kitengo cha utengamao (wanakomsaidia mtu apate uwezo wa kujifanyia mambo) cha hospitali ya rufaa, akataja kitu gani mtoto hawezi, hawezi kushika kijiko, havumilii nguo zenye lebo shingoni, haonyeshi kwa kidole. Na hiyo rufaa bima ilikubali. Lakini sikudanganyi, ilikubali kumwona mtaalamu kila tarehe ya kliniki, na tarehe ilikuwa mara moja kwa mwezi. Mara mbili kwa wiki sijawahi kuipata kwa kadi, na simjui aliyeipata.

Kwa hiyo mwezi mzima una saa moja ya mtaalamu, na hizo siku nyingine zote zinabaki kwako.

tiba_kwa_vitendo_mosh

Mama wa Njiro pole na hongera kwa kufika hapo ulipofika, wengi wanaletwa kwetu wana miaka nane, tisa, wameshafichwa ndani weee. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, nipo Moshi, ngoja nieleze inavyofanya kazi ili ujue pa kusukuma.

Bima inalipa kwa tukio. Daktari kakuona, tukio. Kipimo, tukio. Dawa, tukio. Kila tukio lina namba na bei, hospitali inajaza fomu, mgonjwa anasaini, madai yanaenda. Ukiangalia mafao ambayo NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wanayataja siku zote utakuta kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji, meno, macho na miwani, fiziotherapia, vifaa saidizi. Unaona mwenyewe ule mpangilio umefikiriwa kwa mtu anayeumwa, anatibiwa, anapona. Aliyevunjika mguu atafanya fiziotherapia mara kumi, mguu utapona, faili litafungwa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa wala hauna siku faili linafungwa, tiba yake ni masaa ya mtu kukaa na mtoto, mara nyingi, miaka kadhaa, na matokeo yake ndo kama hayo ya kikombe. Hakuna kwenye fomu pa kuandika mtoto ameshika mkono wa mama yake. Mimi naona hapo ndo penye tatizo, kabla hata hatujafika kwenye hela.

Jambo la pili ni watu. Fundi wa matamshi, yaani wa hiyo tiba ya kuongea, nchi hii unaweza ukatafuta mikoa mingi usimpate hata mmoja. Sisi wa tiba kwa vitendo angalau kanda hii tuna bahati maana chuo chetu kiko hapa hapa hospitali ya KCMC, kwa hiyo Moshi utatukuta wengi kuliko sehemu nyingine. Lakini bado ukigawanya watoto kwa wataalamu utaelewa kwa nini baba K alipewa tarehe ya mwezi. Hata bima ikisema kesho tunalipa mara mbili kwa wiki, nani atamkalia huyo mtoto?

Ndo maana mimi mtoto akija namuomba mzazi asikae benchi la nje kuchezea simu, aingie ndani. Shirika la Afya Duniani wana mafunzo yao ya walezi wa watoto kama hawa, ni vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu, yametengenezwa makusudi kwa sehemu ambazo wataalamu ni wachache, na yapo pia ya kujisomea kwenye intaneti bure. Siyo mbadala wa mtaalamu, mtu asije akasema mama ajifanyie mwenyewe basi serikali ipumzike, hapana. Ila yanakupa kitu cha kufanya kuanzia leo.

Kwa mfano hicho kikombe. Usikiweke tena mahali anapokifikia. Kiweke juu anapokiona ila hakifiki. Akikushika mkono, subiri kidogo, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, umwangalie usoni, useme "maji" mara moja tu kwa sauti ya kawaida, ndo umpe. Na umpe kidogo, funda mbili, ili aombe tena. Ukimjazia vikombe vitatu (naelewa kwa nini ulimjazia) ameomba mara moja, ukimpa kidogo kidogo ameomba mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Wiki mbili, tatu, afu mpigie picha kile kikombe, ichapishe, ibandike mlangoni kwa friji usawa wa macho yake.

mhasibu_usa_river

Nisieleweke vibaya jamani, namuonea huruma huyu mama, ila lazima mtu aseme na upande wa hela. Mchango wa NHIF kwa mfanyakazi ni asilimia 6 ya mshahara, 3 anakatwa yeye 3 anatoa mwajiri, na hiyo inabeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Ndani ya hiyo hiyo kuna wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, kuna kansa, kuna moyo. Mnakumbuka Toto Afya Kadi? Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Ilianza 2016, Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, na sababu waliyoitoa mfuko ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanamkatia mtoto kadi akishaumwa, wenye watoto wazima hawachangii. Hesabu haifungi hivyo. Sasa leo mkisema mtoto wa usonji alipiwe masaa mia kwa mwaka kwa elfu 35, hiyo ni milioni tatu na nusu kwa mtoto mmoja. Nani anailipa?

baba_k_sakina

Mhasibu swali lako ni la haki, tena nakushukuru umelileta kwa adabu. Ila hesabu yako imeanzia katikati. Wa kwangu tusingepata msaada asingeenda shule, mama yake angeacha kazi moja kwa moja, na akifika miaka 20 angekuwa anavalishwa nguo. Leo anavaa mwenyewe, anaenda choo mwenyewe, yuko darasa la kwanza kitengo cha elimu maalumu. Hiyo hela ya mama yake kubaki kazini nayo inakatwa asilimia kila mwezi na inaingia kwenye mfuko ule ule.

Na kuhusu Toto Afya, ile 2023 waliposema watoto wakasajiliwe kupitia shule, niambie mtoto ambaye shule tatu zimemkataa kwa sababu hatulii darasani alikuwa asajiliwe wapi? Sisi tulikaa nje mwaka ule wote. Baadae kadi za watoto zimerudi, sawa, lakini mwaka kwa mtoto wa miaka mitano ni mwingi mno.

mwl_mstaafu_pasua

Wanangu marahaba. Mimi nimefundisha watoto wenye mahitaji maalum miaka mingi, nilisomea chuo cha ualimu Patandi hapo Tengeru, nina machache.

La kwanza ni kwa wale wasio na kadi ya kazini, maana mama wa Njiro ana afadhali. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ikifika mpaka hospitali ya mkoa kwa rufaa. Mtoto chini ya miaka mitano kwa sera yetu ya afya ya 2007 hatakiwi kulipa hospitali ya serikali. Na kila hospitali ya serikali kuna afisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake mojawapo ni kuidhinisha msamaha kwa asiyeweza, nendeni ofisini kwake kwa heshima na barua ya mtendaji, msikate tamaa mkiambiwa njoo kesho.

La pili, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inazungumzia utengamao na matibabu. Tatizo usonji hauonekani kwa macho. Mtoto wa kiti cha magurudumu mtu akimwona tu anampisha. Huyu wetu ni mzuri, mnene, ana viatu vizuri, akilala chini sokoni anapiga kelele wanasema mama kamdekeza. Kwa hiyo mwandikisheni mtoto kwa afisa ustawi wa kata yenu, ahesabike. Nimeona mikutano mingi ambako watoto wetu hawakuwa kwenye takwimu ya kata, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

La tatu, hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge limeipitisha Novemba 2023. Kuna kifurushi cha mafao ya msingi, na kuna vyanzo vimewekwa vya kuwabeba wasio na uwezo, ushuru wa soda, pombe, vipodozi na mengineyo. Hicho kifurushi ndicho cha kukisemea. Wazazi wa Arusha na Moshi mngeandika barua moja, mkaipeleka kwa mbunge na nakala kwa mganga mkuu wa mkoa, mkitaja kwa majina, tiba kwa vitendo, tiba ya matamshi, mafunzo ya walezi. Msiandike "watoto wetu wasaidiwe". Kusaidiwa mtu anakupa mchele na kupiga picha na wewe.

mmachame_indiana

Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Machame ila nipo Marekani, jimbo la Indiana, nafanya kazi ya kukaa na watoto wa usonji kwenye kituo cha therapi, hii hii mnayoizungumzia, kwa hiyo niwaambie huku wanakolipa inakuwaje.

Bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini inaitwa Medicaid. Kuna kifungu kinachosema mtoto chini ya miaka 21 akionekana ana hitaji la kitabibu lazima atibiwe hata kama huduma hiyo mtu mzima hapewi, na mwaka 2014 serikali kuu ikayakumbusha majimbo kwamba usonji nao umo. Kwa hiyo huku mtoto wa miaka minne kama wa mama Njiro anaweza akapata masaa 30 kwa wiki na mzazi asitoe hata senti. Nimeona watoto wakifunguka, sisemi kwa kusimuliwa.

Lakini mkisemea kifurushi huko nyumbani mjifunze na makosa. Hapa Indiana malipo ya Medicaid kwa hii therapi ya tabia yalikuwa dola milioni 21 mwaka 2017, mpaka 2023 yakafika milioni 611. Jimbo mwanzoni halikuweka bei moja, kituo kinadai kinavyotaka kinalipwa asilimia ya alichodai, vituo vikafunguliwa kila kona. Wakaguzi wa serikali kuu wakaja kuchambua miaka ya 2019 na 2020 wakakuta malipo yasiyo halali si chini ya dola milioni 56, mengine hayana maelezo ya alichofanyiwa mtoto, mengine muda wa kulala na kula nao umeandikwa ni therapi. Sasa jimbo limegeuka linakata masaa, na anayekatwa ni mtoto, kituo kimeshachukua chake.

Kwa hiyo mkiandika barua msiombe masaa tu. Andikeni bei iwe moja na ijulikane, mtoa huduma awe amesajiliwa, na kila baada ya miezi kadhaa mtoto apimwe anaweza nini ambacho hakuweza. Hilo la mwisho litamjibu na mhasibu, maana hela itafuata kikombe.

mhasibu_usa_river

Hapo mmachame umenijibu. Nikiwa na bei moja na kipimo naweza kuandika makadirio, bila hivyo siwezi kusaidia. Mkihitaji mtu wa kuwapangia hizo namba kwenye barua mimi nipo, sina mtoto wa hivyo ila dada yangu anaye, Babati, na hana hata hiyo kliniki ya mwezi.

kijana_ngaramtoni

Mimi naomba niseme moja tu. Mama wa Njiro utaletewa watu wenye dawa. Maji ya kunywa, mafuta ya kupaka, dripu za kutoa sumu mwilini. Sisi tulitoa laki nne kwa mtu wa hivyo na mdogo wangu alitapika siku mbili. Hiyo laki nne ingetupeleka Moshi kliniki zaidi ya mwaka.

mama_wa_njiro

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili, mume wangu nimemsomea kwa sauti akakaa kimya muda mrefu afu akaniuliza barua tunaandika lini.

Nimefanya haya. Leo asubuhi nimerudi kwa daktari, nimekaa foleni kuanzia saa moja, nikamwomba aandike kama baba K alivyosema, kitengo cha utengamao na yale asiyoweza. Alikuwa ananiangalia akasema mama nani amekufundisha, ila ameandika ukurasa mzima, amegonga muhuri. Tarehe ya Moshi ni Jumanne ya wiki ijayo. Tutapanda kosta ya saa kumi na mbili maana akikutana na gari limejaa analia mpaka Boma Ng'ombe.

Kikombe nimekiweka juu ya kabati la vyombo. Jana ameomba mara saba nimehesabu, ile ya saba hajanishika mkono, amenyoosha wake mwenyewe. Mtaalamu wa Moshi naomba uniambie, akinyoosha hivyo bado nisubiri mpaka tano au nimpe hapo hapo?

tiba_kwa_vitendo_mosh

Mpe hapo hapo! Akinyoosha mwenyewe usimcheleweshe hata sekunde. Sema "maji", mpe. Na Jumanne njoo na hicho hicho kikombe, usinunue kipya.